Kijue Kabla Hujakichoma

Plaiwudi mpya ya dukani haina siri nyingi. Ukienda Keko, Dar es Salaam, ukaomba ya milimita 3, unene wake unaujua, na zile zilizobaki kwenye rundo ni pacha wa uliyobeba. Ukiiharibu unarudi kuchukua nyingine. Kitu cha mtumba hakina pacha. Droo ya kabati la marehemu babu, mkoba uliotupwa kwa sababu zipu imekufa, koti la jinzi lililotoka kwenye belo asubuhi ya leo: kila kimoja kimekuja peke yake, tena kimekuja na maisha ambayo hakuna aliyeyaandika. Kilipakwa rangi gani, na lini? Kiliwahi kuloweshwa dawa ya wadudu? Hiyo ngozi ni ngozi kweli?

Seremala wa patasi anaweza kuyapuuza baadhi ya maswali hayo. Patasi hutoa mapande, mapande huanguka sakafuni, kijana wa karakana huyafagia. Leza hutoa moshi. Chochote kilichokuwa ndani ya kitu kinapanda hewani, na kutoka hewani kinatua kwenye lenzi, kwenye reli za mashine na kwenye mapafu ya aliyesimama karibu. Kwa hiyo sura hii, ambayo najua wengine wameifungua wakitafuta michoro na namba za kasi, itakaa zaidi kwenye kazi ya kutambua. Kuendesha mashine mtu hujifunza kwa muda mfupi, na siku hizi programu inafanya nusu ya kazi. Kutazama kitu kilichokwisha kutumika ukasema hiki ni nini, kinafaa au hakifai, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Mwanga na kinachoumeza

Historia yake nitaipitia mbio. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani katika maabara za kampuni ya Hughes huko Malibu, California, akitumia kijiti cha rubi. Mwaka 1964 C. Kumar N. Patel wa Bell Labs akatoa leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo mama wa mashine nyingi za karakana tunazoziona leo, pamoja na zile ndogo za wati 40 kutoka China zenye bomba la kioo linalopozwa kwa maji. Urefu wa wimbi la mwanga wake ni mikromita 10.6, mbali kabisa na upeo wa jicho la mwanadamu. Mbao, karatasi, pamba, ngozi, kioo na perspeksi vyote huumeza mwanga huo. Chuma kitupu huurudisha ulikotoka.

Mashine za diodi ni ukoo mwingine. Hizi ni zile za bei nafuu zinazokuja vipande vipande ukaziunga mezani, nazo hutoa mwanga wa bluu wa nanomita 450 hivi. Mwanga huo hupita kwenye kioo safi na perspeksi isiyo na rangi bila kuacha hata alama. Mwenye diodi akikuta mabaki ya perspeksi angavu kwa fundi wa mabango, asihangaike nayo. Aulize kama kuna nyeusi. Jambo hilohilo linahusu macho. Dirisha la perspeksi angavu linalokukinga na leza ya gesi halikukingi na mwanga wa bluu, kwa hiyo miwani inunuliwe kulingana na mashine, si kwa umbo wala bei. Vitu vya mtumba vina vifungo, zipu na misumari, na kila kimoja kinaweza kuurusha mwanga upande usioutarajia.

Feni ya kutoa moshi iwe nje ya mjadala. Kizima moto kiwe mahali mkono unapofika. Na mashine inapokata, mtu asiende kunywa chai.

Waya wa shaba

Adui mkubwa wa kazi hii ana jina la herufi tatu, PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hiyo ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Unyevu Dar, Tanga au Mombasa haujawahi kuwa adimu. Koo litawasha na macho yatatoa machozi, lakini mashine ndiyo itakayoonyesha deni baadaye: reli zinashika kutu, beringi zinakwama, vioo vya ndani vinapata ukungu usiofutika.

Laiti PVC ingekuwa mabomba ya maji tu, nisingeandika ukurasa mzima. Imejificha kwenye mikoba inayoitwa ya ngozi, kwenye vitambaa vya meza vyenye maua, kwenye vifuniko vya viti vya daladala, kwenye kadi za benki zilizokwisha muda. Ipo kwenye mabango ya matangazo yale ya turubai laini. Baada ya uchaguzi mkuu mabango hayo hushushwa kwa wingi, na wapo akina dada wanaoyashona yakawa mikoba mizuri ya sokoni. Wayashone. Kuyapitisha kwenye leza ni jambo jingine.

Kipimo chake ni cha kale na hakihitaji maabara. Kina jina la mkemia Friedrich Beilstein, na kimetumika tangu karne ya 19. Chukua kipande cha waya wa shaba mtupu, ukibane kwa koleo lenye mpini wa plastiki au mbao. Kiweke kwenye moto wa jiko la gesi hadi kiwe chekundu na moto usiwe na rangi ya ajabu tena; hapo waya umesafika. Uguse mara moja kwenye plastiki unayoitilia shaka, ili chembe ndogo tu ishike. Kisha urudishe waya motoni. Ukiona moto umegeuka kijani kibichi, ile kijani ya kung'aa, hiyo ni klorini inayozungumza na shaba. Weka kitu hicho kando. Fanya kipimo nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na kwa chembe ndogo, kwa sababu moshi wa kipimo ni uleule tunaoukimbia.

Mkoba wa ngozi halisi una kipimo kingine kabla ya moto. Fungua mshono mmoja wa ndani, tazama ukingo. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpango; ya bandia ina kitambaa kilichofumwa chini na utando laini juu. Na ngozi halisi nayo haijatoka salama, maana nyingi za viwandani zimelainishwa kwa chumvi za kromi. Choma kipande chembamba: jivu likiwa la kijivu chenye ukijani, ngozi hiyo mimi naikata kwa kisu.

Mbao zilizokwisha kuishi

Tuje kwenye kitu kinachopatikana kwa wingi na kwa bei ya kutupwa, nacho ni paleti. Kila paleti iliyovuka mpaka wa nchi kihalali ina muhuri uliochomwa au kupigwa pembeni, na watu huupita kila siku bila kuusoma. Kushoto kuna suke la ngano na herufi IPPC. Kulia kuna herufi mbili za nchi ilikotibiwa, namba ya kiwanda, halafu herufi za tiba yenyewe. HT maana yake mbao imepashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 na kukaa hapo dakika 30 mfululizo, ili mdudu aliyelala ndani asisafiri na mzigo. Hiyo chukua. MB maana yake imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Hiyo mwachie mwenyewe, hata akikupa bure. Isiyo na muhuri wowote huenda imetengenezwa hapahapa na haina neno, lakini inuse, na utafute madoa: paleti hubeba saruji na sabuni, na hubeba pia dawa za kuulia magugu zilizovuja.

Hatari zaidi kuliko paleti, kwa maoni yangu, ni mbao za kenchi. Nyumba ya zamani ikibomolewa, mbao za paa huuzwa kwa rundo, na ni mbao nzuri, zimekauka miaka, hazipindi tena. Lakini nyingi za paa, pamoja na nguzo za umeme na za uzio, zilitiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki ili mchwa asizisogelee. Rangi yake ya kijani imefifia juu. Piga randa kidogo au kata ncha, utaiona imeingia ndani kama pete. Aseniki haiishi kwa miaka wala kwa jua. Mbao hizo zifanye fremu ya banda la kuku, huko nje, zisiguswe na moto wa aina yoyote. Na fundi anayekwambia kuwa dawa ilishatoka zamani, mshukuru kwa ushauri wake, kisha uendelee na unayoyajua.

Rangi ya mafuta iliyopakwa milango na madirisha ya zamani nayo huenda ina risasi. Ikiwa kitu kimepakwa rangi na hujui ni ya lini, usikichome. Wala usiipige msasa mkavu ukidhani unasafisha, maana hapo unatengeneza vumbi la kitu kilekile.

Ukishavuka vizuizi hivyo, unaingia kwenye raha. Msonobari wa paleti ni mwepesi na unaungua haraka, lakini nyuzi zake si sawa: sehemu iliyokua msimu wa mvua ni laini, iliyokua msimu mgumu ni ngumu na nyeusi zaidi. Leza inachimba sehemu laini na kuruka juu ya ngumu, kwa hiyo mchoro mmoja unatoka na mistari ya mawimbi ambayo hukuichora. Wapo wanaoichukia hali hiyo wakaongeza nguvu ili kuisawazisha. Mimi huona ni bora kuchagua mchoro unaoipokea, kama samaki, maji, nywele au jani la mnazi, na kuacha sura za watu kwa mbao tulivu zaidi. Uso wa bibi harusi wenye mistari ya msonobari kwenye shavu hauna mteja.

Mninga wa kitanda cha zamani ni kinyume chake. Umetulia na nyuzi zake zimekaa vizuri, ila ni mweusi kidogo tayari, na alama ya moto juu yake haionekani sana. Hapo nguvu iongezwe, kasi ipunguzwe, mchoro uwe na mistari minene iliyoingia ndani kiasi cha kidole kuihisi. Msaji una mafuta yake ya asili, na moshi wake huacha utando wa kahawia pembeni ya mchoro; bandika tepu ya karatasi juu ya mbao kabla ya kuanza, uibandue ukimaliza, na utando utaondoka nayo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukipata kipande kilichovunjika cha kinyago au cha ala ya muziki, jaribu kwa upole, kwa sababu huchukua joto jingi na unaweza kupasuka. Lakini nakshi ndogo juu ya mpingo uliosuguliwa vizuri, kijivu juu ya weusi unaong'aa, ina heshima ambayo plaiwudi haitaifikia.

Kila mbao ya zamani ina msumari mahali. Pitisha sumaku juu yake yote. Kwenye mashine ya randa msumari huvunja kisu. Kwenye leza haukuvunjii kitu, ila unarudisha mwanga, na mchoro wako unabaki na kidoa cheupe katikati.

Jinzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo mtumba na leza vinaelewana namna hii.

Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za aina mbili. Mtande, yaani nyuzi za urefu, umetiwa rangi ya nili. Mshindio, yaani nyuzi za upana, ni mweupe. Geuza suruali ndani nje utaona weupe umetawala. Huo ndio mshindio. Siri kubwa iko ndani ya mtande wenyewe. Nili haipendi kuingia ndani ya pamba. Inakaa juu, ikizunguka uzi kama koti, na moyo wa uzi unabaki mweupe. Hii ni kweli kwa nili ya majani na ni kweli vilevile kwa nili ya kiwandani ambayo kampuni ya Ujerumani ya BASF ilianza kuiuza mwaka 1897. Ndiyo maana jinzi hupauka magotini na kwenye mapaja: msuguano unakwangua koti, moyo unaonekana.

Leza inafanya kazi hiyohiyo ya msuguano, ila kwa mwanga. Inapita juu ya uzi kwa nguvu ndogo, inaunguza nili na utando mwembamba wa pamba, inaacha moyo mweupe. Ukiipa nguvu zaidi kidogo weupe unaongezeka. Ukizidisha unatoboa. Kati ya "haionekani" na "imetoboka" kuna ngazi nyingi za bluu, na kwa sababu hiyo picha yenye vivuli hutoka vizuri kwenye jinzi kuliko kwenye mbao nyingi.

Viwanda vililijua hili mapema, na sababu haikuwa urembo peke yake. Kwa muda mrefu suruali mpya zilifanywa zionekane kuukuu kwa kupulizwa mchanga kwa mashine ya hewa. Vumbi la mchanga huo ni silika, na silika ikikaa kwenye mapafu huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo katika karakana zisizo na madirisha walianza kuugua na kufa, na mwaka 2009 serikali ya huko ikaipiga marufuku njia hiyo kwenye nguo. Mwaka uliofuata Levi Strauss na H&M zikatangaza kuiacha. Leza ikachukua nafasi. Mwaka 2018 Levi's walitangaza mpango wa kumalizia suruali zao kwa leza, na kwa maelezo ya kampuni, kazi ambayo kwa mkono ilitoa suruali mbili au tatu kwa saa ilishuka hadi sekunde 90 kwa moja. Kwa hiyo suruali "iliyochakaa kwa mtindo" unayoikuta Gikomba au soko la Memorial pale Moshi inawezekana ilishapita kwenye leza mara moja, huko mbali, kabla ya kuvaliwa, kutolewa sadaka, kufungwa belo na kuvuka bahari.

Sasa ununuzi. Wanunuzi wa mitumba huamka alfajiri kugombea zile ambazo Nairobi huitwa kamera, nguo za chaguo la kwanza kabisa. Sisi hatuna haja nazo. Mali yetu iko kwenye fagia, lile rundo la mwisho la jioni, lenye madoa na vifungo vilivyong'oka.

"Kaka, hilo koti lina doa la jiki mgongoni," mama wa meza atakuonya kwa uungwana. "Chukua hili jingine."

"Doa ndilo nilitakalo, mama. Bei gani?"

"Haya, kama ni hivyo elfu tatu. Lakini usije kurudi."

Tazama kilichotokea. Jiki, kama leza, imeondoa nili na kuacha weupe. Rangi ya doa na rangi ya mchoro wako ni ndugu. Ukilipiga picha doa, ukaiweka picha chini ya mchoro kwenye kompyuta, unaweza kulifanya doa liwe wingu, au povu la wimbi, au mgongo wa tembo, na leza ikamalizia pale jiki ilipoishia. Aliyelivaa hataweza kukuonyesha doa lilikuwa wapi. Doa la mafuta halina bahati hiyo. Leza haiondoi mafuta. Inayapika, na yananuka.

Kabla ya kuchora, fua koti bila kilainishi, likauke, lipigwe pasi. Tafuta pa kujaribia: ndani ya pindo la chini, au sehemu ya mfuko inayofichwa na kifuniko chake. Chora hapo miraba midogo, kila mmoja kwa nguvu tofauti, kasi ikiwa ileile. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, ufue huo mraba kwa mkono na sabuni. Jinzi inayotoka kwenye mashine ina masizi ya njano yanayodanganya macho. Weupe wa kweli unaonekana baada ya maji. Mraba unaoonekana mzuri ukiwa mkavu mara nyingi ni mkali mno, na ukiuvuta kwa vidole nyuzi zinakatika. Chagua ulio ngazi moja au mbili chini yake. Jinzi za kike zenye kuvutika zina nyuzi za elastini ambazo huyeyuka mapema, basi shuka ngazi nyingine tena.

Ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko, zile ambazo Jacob Davis na Levi Strauss walizipatia hataza nchini Marekani tarehe 20 Mei 1873, zifunikwe kwa tepu ya karatasi au mchoro uzikwepe kabisa. Ziko pale kwa zaidi ya miaka 150. Hazitasogea kwa ajili yako.

Niongeze neno moja la pembeni. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza mitumba hadi iishe ifikapo 2019. Rwanda ilisimama nalo, ikapandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo zake nafuu ya kuingia soko la huko bila ushuru. Nchi nyingine zilishalegeza kamba. Mimi sina jibu la mgogoro ule, ila najua kuwa vazi linalobadilishwa hapa kwa mikono ya hapa lina thamani ambayo halikuja nayo kwenye belo, na hiyo thamani hakuna anayeitoza bandarini.

Kioo na chuma

Kioo hakiungui. Joto la leza ya gesi hukipasua kwa nyufa ndogo mno juu ya uso, na nyufa hizo ndizo tunaziona kama weupe wa barafu. Chupa za mvinyo na za jamu zinafaa. Za bia na soda zirudishe dukani uchukue pesa yako. Bandika karatasi ya gazeti iliyoloweshwa maji juu ya kioo, itoe viputo vyote, uchore kupitia humo: maji hutuliza joto na nyufa hazikimbii ovyo. Kioo cha kujitazama kichorwe kwa nyuma, mchoro ukiwa umegeuzwa, ili leza iondoe ule utando wa rangi na fedha. Vioo vya magari vya pembeni ni vigumu na vina tabia ya kulipuka, sivigusi.

Sufuria ya alumini itakurudishia mwanga wako wote. Lakini chupa za maji za chuma zilizopakwa rangi ya unga hung'olewa rangi hiyo vizuri sana, na alumini ya vifuniko vya kompyuta mpakato iliyotiwa rangi kiwandani hugeuka nyeupe inapopigwa. Hayo yanatosha kuhusu chuma.

Kiolezo cha boksi

Vitu vya mtumba havina pembe za mraba. Mwiko umepinda, kifuniko cha kasha ni duara lisilo duara, saa ya ukutani ina ukingo. Mtu hupima kwa rula, anakadiria, anabonyeza kitufe, na jina la mteja linaandikwa likiwa limeinama.

Dawa yake ni boksi la katoni, la televisheni au la friji, linalopatikana bure. Lilaze kwenye kitanda cha mashine, likazwe kwa sumaku ili lisisogee. Piga picha ya kitu ukiwa juu yake kabisa, karibu na rula, fuatisha ukingo wake kwenye programu, kisha uiambie mashine ikate umbo hilo kwenye boksi. Toa kipande kilichokatwa. Tundu lililobaki ndiyo nyumba ya kitu chako: kinaingia kwa namna moja tu, na mashine inakijua kilipo kwa sababu ni yenyewe iliyoichimba nyumba hiyo. Kama tundu limebana upande mmoja, rekebisha mchoro ukate tena. Boksi halina gharama.

Kiolezo hiki kina faida ya pili ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi hupoteza mahali ilipofikia. Ukiwa na kiolezo ambacho hakijasogea, umeme ukirudi unairudisha mashine kwenye pembe yake ya mwanzo, unafuta kwenye programu mistari iliyokwisha kuchorwa, unaendelea. Bila kiolezo, kitu ambacho hakina pacha kimeharibika. Stebilaiza pia ni lazima, maana umeme unaporudi huja na hasira.

Kwa mbao iliyopinda, kumbuka lenzi ina umbali wake. Lenzi ya kawaida ya milimita 50.8 huvumilia tofauti ya milimita moja au mbili hivi. Zaidi ya hapo mstari unanenepa na kufifia. Weka vipande vya kadi chini ya upande ulioshuka hadi uso ulingane.

Bei, na visivyokatwa

Mteja atasema, "Si mtumba huu? Mbona ghali?" Usijitetee kwa kirefu. Hesabu yako ina dakika za mashine, bomba la gesi linalochakaa kila linapowaka, saa ulizopiga msasa, na vitu vitatu ulivyovikataa kabla ya kukipata kimoja kilicho salama. Hivyo vilivyokataliwa ndivyo mteja asivyoviona, na ndivyo vilivyokula asubuhi yako. Wanaokodi mashine kwenye karakana za umma, kama ile ya FabLab katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Gearbox, wafanye utambuzi wote nyumbani wafike na kitu kilicho tayari. Muda wa pale ni wa kuchora.

Kuna vitu vinavyofaulu vipimo vyote na bado havipaswi kukatwa. Mlango wa nakshi wa Lamu au Mji Mkongwe, hata ubao wake mmoja, tayari una kazi ya fundi juu yake. Santuri ni kesi nyingine. Nchi za nje watu hukata santuri kwa leza wakatengeneza saa za ukutani zenye umbo la mji. Santuri za muda mrefu, zilizoanza kuuzwa na Columbia mwaka 1948, ni PVC tupu, kwa hiyo jibu lake tulishalitoa kwa waya wa shaba. Zile za kale za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu na hupasuka kama sahani. Ukikuta moja chini ya meza ya mnada, isome lebo kwanza. Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 kwa lebo ya His Master's Voice, na santuri za namna hiyo bado zimo kwenye masanduku ya watu wa pwani, nyingine zikiwa na sauti ambazo hazipo mahali pengine popote.

Santuri hiyo itengenezee kasha. Mbao ya paleti yenye muhuri wa HT, pembe zilizokatwa meno ya kuingiliana, jina la mwimbaji limechorwa kwenye kifuniko. Upana wa ndani uwe sentimita 27 kwa santuri za inchi 10 na sentimita 33 kwa zile za inchi 12, ili mkono uingie kuitoa bila kuishika usoni, na zisimame wima, zisilazwe.